Leza mpya ya mawe ya figo, tuikimbilie?

Kwa hili joto letu la Mombasa mawe ya figo si ugonjwa wa kusikia redioni. Mtu ashinda bandarini ama juu ya bodaboda jua lote, jasho lamtoka, maji hayaonji mpaka jioni, mkojo unakuwa mzito na chumvi zake zinaanza kushikana. Mawe mengi madogo hutoka yenyewe, lakini likikwama au likiwa kubwa ndio utasikia daktari anataja leza, mwanga mkali wa kuvunjia jiwe ndani kwa ndani, na siku hizi mabishano ni kati ya leza ya holmiamu tuliyoizoea na hii mpya ya thuliamu (majina ni ya madini yanayotoa huo mwanga), ipi inamaliza kazi haraka.

Wanaoipigia debe thuliamu wana hoja, tusiwanyime haki yao. Urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 1940 hivi, wa holmiamu ni kama 2100, na kwa tofauti hiyo tu maji yanaunyonya karibu mara nne zaidi, kwa hivo jiwe linasagika kuwa vumbi bila kurushwa rushwa nyuma sana. Waya wake unaopitisha mwanga pia waweza kuwa mwembamba, skopu (mrija wenye kamera unaoingizwa kupitia njia ya mkojo) inakunjika vizuri kufikia vile vyumba vya chini vya figo, na maji ya kusafisha na kupoza yanapata nafasi ya kupita. Halafu umeme, na kwetu hili si dogo: thuliamu yachomekwa kwenye soketi ya kawaida na yapozwa kwa hewa, holmiamu kubwa za wati 100 na zaidi zataka laini yao wenyewe na kupozwa kwa maji.

Na matokeo yapo. Norway mwaka 2022 walilinganisha leza hizo mbili kwa wagonjwa 120, waliotoka bila jiwe walikuwa asilimia 92 kwa thuliamu na 67 kwa holmiamu. Lakini hapo usikimbie! Kwa mawe yaliyokuwa kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu zote mbili zilimaliza asilimia 100, pengo lote lilitoka kwa mawe ya ndani ya figo, tena holmiamu iliyotumika ilikuwa ya nguvu ndogo. Mwaka 2023 Marekani walipoipambanisha thuliamu na holmiamu ya kisasa, ile inayopanga mapigo yake ya mwanga, muda wa kazi haukutofautiana kwa maana.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni joto la leza yenyewe. Daktari akiweka nishati ya juli 0.5 kwa kila pigo, mapigo 80 kila sekunde, hizo ni wati 40 ndani ya figo, nafasi ndogo sana, na joto la maji likipanda kupita digrii 43 nyama inaanza kuumia, kila digrii moja juu ya hapo muda wa kustahimili wapungua nusu. Sasa utasema ongeza maji ya kupoza, sawa, lakini maji mengi yanapandisha presha ndani ya figo na kama mkojo una vijidudu vinasukumwa mpaka kwenye damu, na hiyo yaweza kuua mtu. Yani kasi ukiitafuta kwa kukanyaga nguvu tu wajitafutia balaa lingine. Ndio maana mi naona ile mirija ya kufyonza, inayotoa maji na vumbi la jiwe palepale wakati leza inafanya kazi, ina faida kubwa kuliko kuongeza wati, sababu inashusha joto na presha kwa pamoja na haiachi vipande ndani.

Kwa hivo hospitali isiyo na leza kabisa mi ningeiambia inunue thuliamu, kwa ajili ya umeme na ule waya mwembamba. Ile yenye holmiamu inayofanya kazi isiitupe jamani, pesa iende kwanza kwa skopu, manake hizo zaharibika upesi, kwa mirija ya kufyonza, na kwa mafunzo ya madaktari na manesi wa tiata. Na opresheni ihesabiwe imefaulu baada ya mgonjwa kurudi kupigwa CT skani ikaonekana figo haina kipande, na jiwe lenyewe liwe limepelekwa maabara ijulikane ni la aina gani, kwa sababu la asidi ya yuriki mara nyingi huyeyuka kwa dawa bila leza yoyote.