Ile pikipiki DT ya baba mkwe: nisikilizwe na mimi

Kwa ninyi mnaonitumia vicheko tangu jana jioni: ile sauti ya WhatsApp nimeisikia. Jamaa yangu anawaambia eti nilipanda ukuta wa jirani huku nikimwita mama yangu. Ukuta sikupanda. Ni ukuta wa mawe ya volkano, na mimi magoti yangu bado nayahitaji. Hiyo ya kumwita mama tutaifikia.

Hali yangu na ile familia ya Ndosho, hapa Goma, mnaijua: naposa binti yao. Wazee wa pande zote wamekaa, mbuzi wamekubaliwa, ng'ombe bado wanabishaniwa. Mtu katika hali hiyo akimsikia baba mkwe analalamika kwamba pikipiki yake inafuka moshi, inakohoa ikipanda na kila wiki inadai buji (plagi) mpya, anafanya nini? Ananyamaza. Mimi nikasimama.

Ni Yamaha DT 125, ya zamani, injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na esansi, yaani petroli. Nikawapa wazee somo zima. Nikasema Goma iko mita kama 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo jikleri, kile kitundu cha kupimia esansi ndani ya karbirateri, ikiwa imepimwa kwa hewa ya pwani, hapa inamimina esansi kupita kiasi. Na hii ya mzee kuna fundi alishaisafisha kwa kupitisha waya wa breki kwenye tundu, tundu likapanuka. Nikaitoa buji, nikaipitisha kwa wazee mmoja mmoja: nyeusi, imelowa. Mjomba wa binti, yule anayeng'ang'ania ng'ombe, akaitikia kwa kichwa. Basi, tangu pale mimi si mtu wa kawaida tena. Ni daktari.

Na dawa ilikuwa sahihi! Hili jamaa yangu amelificha. Nilishuka sokoni Birere, nikapata jikleri ya namba ndogo, yaani yenye tundu dogo. Sindano ya karbirateri nikaishusha ngazi moja kwa kupandisha klipu yake. Wenzangu wa karbirateri mnajua: jikleri kubwa inatawala ukivuta gazi (kile kishikio cha kuongezea mwendo) karibu hadi mwisho, ndogo inatawala kwenye ralanti, injini ikinguruma bila gazi, katikati pale ni mambo ya sindano. Kazi safi. Nikarudisha kile kipande cha mviringo kinachobeba sindano, kile kinachopanda na kushuka ukichezea gazi, nikafunga kifuniko. Filtre, kichujio cha hewa, nikaiacha chini kwanza, nisikie injini inavyopumua. Ndiyo, nilisema "inavyopumua", mbele za watu.

Sasa nipangieni picha. Pikipiki imesimamishwa juu ya jiwe jeusi chini ya injini, gurudumu la nyuma liko hewani. Hatua mbili mbele ya gurudumu la mbele kuna ukuta wa mbao, na nyuma ya mbao hizo wazee wamekaa sebuleni wakisubiri wali na sombe (kisamvu). Jamaa yangu ameegemea mlango, mikono mfukoni, kazi yake ni kushuhudia.

Nikapiga kiki. Ikawaka mara moja. Nikageuka nimwangalie binti.

Sikumaliza kugeuka. DT ililia, na si kulia kwa kuwaka: ililia kama nguruwe aliyeona kisu. Nikaachia gazi. Halafu nikakumbuka kwamba gazi sijaivuta. Nikaizungusha mbele, nyuma, hakuna, mkono wangu na injini hawajuani. Moshi mweupe ukajaa uani, ukaingia jikoni kupitia dirisha, mamama wakatoka wakikohoa na vijiko mkononi.

"Zimisha!" mzee anaita kutoka ndani.

"Inakataa, papa!"

Zimisha na nini? Waya wa kuzimia ulikatika zamani. Mzee mwenyewe huizima kwa kuingiza gia na kuachia ambreyaji (klachi). Nami nikaingiza gia. Gurudumu liko hewani, ndugu zangu! Likazunguka tu, kwa furaha, na pikipiki ikaanza kutetemeka ikisogea ukingoni mwa jiwe. Nikaona wazi kitakachofuata: ikishuka pale na gia ndani, itapita kwenye mbao na kwenda yenyewe kujadili ng'ombe na mjomba. Nikalikumbatia tangi. Kifua kizima, shavu juu ya esansi.

Nikiwa pale nikafunga robine, koki ya esansi, kwa kidole. Wazo zuri, ila karbirateri ina bakuli lake, na bakuli limejaa. Na mnajua esansi ikianza kupungua kwenye bakuli inakuwaje? Hewa inazidi, injini inapandisha mlio badala ya kushusha. Nilidhani imefika mwisho wa sauti yake. Ilikuwa na nyingine.

Ikabaki buji. Mkono umelowa jasho, umepakwa esansi, na mimi, daktari, nikashika kichwa cha buji nikivute. Umeme ulinipitia mpaka kwenye meno. Hapo ndipo mlipotoka ule mwito wa mama, nakubali, lakini ulikuwa "maamaa weee" wa kawaida, mtu yeyote angeutoa. Na miguu ilichofanya sikuituma. Jamaa yangu anaita ndombolo. Alikuwa anarekodi, Mungu anamwona.

Jirani wetu yeye hakucheka. Mlio ule, moshi ule: alishatoka barabarani na watoto wote na godoro kichwani, anaangalia upande wa Nyiragongo, ule mlima wetu wa volkano. Mtu aliyekimbia 2002 na akakimbia tena Mei 2021 hasubiri kuelezwa.

Aliyemaliza mambo ni mama mkwe. Alitembea, hakukimbia, ameshika kitambaa cha kushikia sufuria, amekichovya kwenye maji. Huyu mama amesimamia mashini ya kusaga mihogo miaka na miaka, injini zenye wazimu anazijua. "Toka pale." Nikatoka. Akakisukuma kitambaa kwenye mdomo wa karbirateri, pale ambapo filtre ilipaswa kuwepo, akakandamiza na kiganja. DT ikafanya "uuh", ikafa.

Akaniangalia kuanzia chini. "Ni weye unataka kuoa mutoto yangu?"

Mengine ni mafupi. Fundi mzee wa mtaa aliitwa, akafungua kifuniko, akakuta kile kipande cha mviringo kimeangalia nyuma mbele. Upande uliokatwa unatakiwa uelekee filtre. Mimi niliuelekeza kwenye injini, kikakwama juu. Akakigeuza, akafunga, akapiga kiki: ralanti tamu, moshi kidogo tu. Jikleri hakuigusa! Sindano hakuigusa! Baba mkwe akapanda nayo hadi Munigi na kurudi, buji ikatoka rangi ya kahawa. Kwenye ile sauti mlisikia habari ya rangi ya kahawa? Hamkuisikia.

Wali ulinuka oili, ukaliwa hivyohivyo. Ng'ombe wameahirishwa. Leo asubuhi mama mkwe kapiga simu, kasema nimekaribishwa Jumapili, nije na wazee wangu, na bisibisi ibaki nyumbani.