Imani ya tajiri, kitanzi cha mfanyakazi

Mwenye duka akifunga Jumapili kwa sababu ya dini yake, hakuna wa kumgombeza. Je, dini hiyohiyo iingie kwenye bima ya afya ya keshia wake?

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 30 Juni 2014 Hobby Lobby wakashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Hayo ni maduka ya vifaa vya kazi za mikono ya familia ya Green wa Oklahoma, Wakristo wa kiinjili, yaliyokuwa na wafanyakazi wapatao 13,000. Kanuni za bima zilizofuata sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ziliwataka walipie njia zote 20 za uzazi wa mpango zilizoidhinishwa kwa wanawake. Wengi husimulia kana kwamba walizikataa zote. Walikataa nne: vidonge vya dharura aina mbili na vitanzi aina mbili, kwa kuamini vinaweza kuzuia yai lililokwisha kurutubishwa lisijishikize. Wataalamu wengi wanawapinga, hasa kuhusu vidonge, lakini mahakama haipimi kama imani ni sahihi. Na sioni unafiki: faini iliyowasubiri ilikaribia dola milioni 475 kwa mwaka.

Jaji Samuel Alito, aliyeandika uamuzi huo, aliegemea sheria ya mwaka 1993, inayoitaka serikali isiielemee dini ya mtu ikiwa ipo njia nyepesi zaidi. Njia ilikuwepo. Mashirika ya kidini yasiyo ya faida yalikuwa yameshapewa ruhusa ya kujitoa kwenye malipo hayo, na kampuni ya bima inawagharimia wanawake yenyewe. Hoja nzito, maana kwa mpango huo mfanyakazi hapungukiwi kitu.

(Msomaji wa Mwanza anayepewa vidonge bure zahanati ya serikali atauliza mwajiri kaingiaje hapa. Ni kwamba Marekani bima ya wengi hupitia kazini.)

Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga: wafanyakazi hao si wa dini moja, na gharama ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa anayelipwa kima cha chini. Hapo ndipo mimi ninapoegemea. Bima si zawadi ya tajiri, ni sehemu ya ujira. Mshahara ukishalipwa, tajiri hafuati kuona kama umenunua maziwa au bia.

Bado, uamuzi wa 2014 ungevumilika, kama ile njia mbadala ingedumu. Mwaka 2020, katika kesi ya watawa wa Little Sisters of the Poor, majaji 7 dhidi ya 2 waliruhusu kanuni za serikali ya Trump zilizopanua msamaha na kuifanya njia hiyo kuwa hiari ya mwajiri. Serikali yenyewe ilikadiria wanawake kati ya 70,500 na 126,400 wangeipoteza huduma hiyo. Njia aliyoitaja Alito kuwa sababu ya kuwaachia familia ya Green ikawa, kwa kanuni hizo, inafunguliwa mwajiri akipenda.