Nani Analala Humo?

Mpwa wangu anaishi Reading, Uingereza, na mwaka jana alinunua kibanda cha magogo. Wenzake huko hukiita hivyo, lakini sisi tuliokulia Mafinga, Tanzania, tuliozoea kuona magogo yakipita juu ya malori kila siku ya Mungu, tungesema ni mbao tu. Ni mbao nene zilizochongwa mashineni, milimita 44, kila moja ina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zikipandana zinakamatana kwenye pembe kama vidole vya mikono miwili. Muuzaji alimhakikishia kwamba hakuna kibali kinachohitajika. Siku mbili, kibanda kikawa kimesimama nyuma ya nyumba, mita nne kwa tano, karibu kabisa na uzio wa jirani.

Akanipigia simu ya video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Naona umejenga."

"Chumba cha mama hiki. Akija safari hii halali tena sebuleni." Akageuza simu nikaona kitanda, shuka zimetandikwa, na hita ya umeme ukutani.

Nikamuuliza kama muuzaji aliambiwa habari ya kitanda. Akacheka. "Kwani kitanda kina nini, mjomba?"

Kitanda ndicho kina mambo yote. Nimefanya kazi na mbao maisha yangu yote, kwanza kama fundi wa kenchi na baadaye kama mjenzi, na kwa sababu ya kibanda kile nilikaa wiki nzima nikisoma kanuni za ujenzi za England za mwaka 2010. Nilitegemea kukuta sheria inayoogopa mbao. Nilichokuta kimenifanya nizione upya hata nyumba zetu za hapa.

Kanuni zile zina sehemu inayotaja majengo yaliyosamehewa. Jengo dogo linalojitegemea, lenye eneo la sakafu lisilozidi mita za mraba 15, limesamehewa, mradi hakuna anayelala ndani. Likiwa kati ya 15 na 30 limesamehewa pia, lakini liwe la chini tu bila ghorofa, lisiwe na mahali pa kulala, na likae angalau mita moja kutoka mpaka wa kiwanja. Ukitaka kuusogelea mpaka zaidi ya hapo, ujenge kwa vitu visivyoshika moto. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mbao ni mbaya au tofali ni zuri. Yanaulizwa maswali matatu: ni kubwa kiasi gani, liko umbali gani na mwenzio, na nani analala humo.

Mpwa wangu alikuwa na mita za mraba 20 na kitanda kimoja. Kibanda kilikuwa sentimita 60 kutoka uzio. Ameanguka mitihani miwili kwa mkupuo, na muuzaji hakusema uongo hata kidogo, kwa sababu aliuza kibanda cha bustani. Hata waya wa umeme aliouvuta kutoka nyumba kubwa ulikuwa chini ya sheria tangu mwanzo: msamaha wa jengo haufuti kanuni za usalama wa umeme pale umeme unapotoka kwenye nyumba ya kuishi.

Hapo bado hatujagusa idara ya mipango, ambayo kule ni mlango mwingine kabisa. Hao hawana habari na jinsi ukuta wako ulivyojengwa. Wanaangalia urefu wa paa na sura ya mtaa. Ukiwa ndani ya mita mbili kutoka mpaka, kibanda kisizidi mita 2.5 kwenda juu, la sivyo uombe ruhusa. Watu wengi wanapata jibu la ofisi moja wakadhani wamemaliza zote mbili. Huku kwetu nako mtu anashika barua ya serikali ya mtaa anaanza kuchimba msingi.

Kuna na ujanja mmoja ulionichekesha. Sheria yao ya mwaka 1968 kuhusu nyumba za magurudumu inakubali "karavani" yenye urefu hadi mita 20, upana mita 6.8, na kimo cha ndani mita 3.05. Ikiletwa kwa vipande visivyozidi viwili, na ikiwa inaweza kuhamishwa baada ya kuunganishwa, sheria inaihesabu kuwa karavani hata kama ni ya magogo matupu, ina bafu, jiko na vyumba vitatu. Kwa kuwa si jengo, kanuni za ujenzi haziigusi. Mita 20 kwa 6.8! Wapo watu hapa wana nyumba za kudumu zisizofika nusu ya hilo "gari".

Sasa nirudi nyumbani, maana ndiko shida yangu iliko.

Miaka kadhaa iliyopita nilijenga nyumba ya mbao katika mji mdogo mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 iko wazi kwamba kuendeleza kiwanja katika eneo lililopangwa kunahitaji kibali, nami nilikwenda na ramani yangu mkononi. Ofisa aliyenipokea aliifungua, akaona neno mbao, akaifunga. "Mzee, kwa nyumba ya mbao usijisumbue. Leta ramani siku utakapojenga nyumba."

Alikuwa na nia njema. Aliniokolea ada na foleni. Lakini alichonieleza, bila kujua, ni kwamba watoto wangu wanne wangelala mahali ambapo serikali haijauliza lolote. Kule England kitanda kimoja kinaamsha sheria usingizini. Hapa vitanda sita havikutosha kuifungua ramani. Na ubaya wake unarudi kwa njia nyingine: nilipotaka mkopo, benki ikaniambia hilo ni jengo la muda. Muda gani? Nilipigilia misumari ile nikiwa na nywele nyeusi.

Fikra hii ya mbao kuwa kitu cha kupita ina ukoo wake. Mwaka 1666 moto uliozuka kwenye tanuri la mkate ulikula London siku nne, nyumba zaidi ya 13,000, nyingi za mbao na zimebanana. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kuujenga mji upya, kuta za nje ziwe za tofali au mawe. Katika hali ile, nani angebishana? Kisha Waingereza wakaja huku na vitabu vyao vya kanuni. Kenya ilitumia kanuni za ujenzi za mwaka 1968 hadi Kanuni mpya ya Taifa ya Ujenzi ilipoanza kazi Machi 2025. Zaidi ya nusu karne, neno "ya kudumu" likawa limeshikana na jiwe na saruji vichwani mwetu, na mbao ikabaki "nusu kudumu", kama mtu aliyeposa hajaoa. Wakati huohuo Waingereza wenyewe walishatoka huko. Waliacha kuuliza ukuta ni wa nini, wakaanza kuuliza ukuta unafanya nini.

Na ukuta wa mbao unafanya mengi kuliko watu wanavyodhani. Gogo nene halishiki moto kama kiberiti. Linaungua kwa nje, linatengeneza gamba la mkaa, na gamba lenyewe linazuia joto lisiingie ndani. Wahandisi wa Ulaya hukadiria kwamba mbao laini, jamii ya msindano wetu, inaliwa na moto kama milimita 0.65 kwa dakika. Fanya hesabu: gogo la sentimita 20, baada ya nusu saa ya moto limepoteza kama sentimita mbili upande ule. Bado limebeba paa. Chuma ambacho hakijafunikwa kinapoteza karibu nusu ya nguvu zake kikifika nyuzi 600 hivi, na moto wa chumbani unafika huko mapema.

Lakini nisije nikanukuliwa nusu. Hesabu hiyo ni ya mbao nene. Tunachojengea wengi wetu ni mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki kiwandani, au mbao za moja kwa nane zilizopigiliwa pande mbili na uwazi katikati. Uwazi ule ni bomba la moshi. Moto ukiingia chini unatokea kwenye kenchi kabla hujavaa kandambili. Kwa hiyo mtu akinionyesha jumba la ghorofa 18 la mbao kule Brumunddal, Norwe, lenye mita 85, halafu akasema basi na mabanzi ni salama, huyo hajaelewa. Jumba lile limebebwa na nguzo nene za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na kila nguzo imepigiwa hesabu ya dakika. Mabanzi hajayapigia hesabu mtu yeyote.

Septemba 2024 bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, liliungua usiku. Wavulana 21 walifariki. Bweni lilikuwa limejengwa zaidi kwa mbao, na wavulana zaidi ya 150 walikuwa wakilala humo. Baada ya hapo nilisikia wengi wakisema mbao zipigwe marufuku. Naelewa hasira ile. Lakini mwongozo wa usalama wa shule nchini Kenya, wa mwaka 2008, ulikuwa umeshaandika yanayotakiwa: mlango kila upande wa bweni na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Hakuna hata kimoja hapo kinachotegemea ukuta ni wa nini. Godoro la sponji likiwaka katika bweni la tofali lenye mlango mmoja na nondo madirishani, moshi unamaliza kazi kabla ukuta haujapata joto.

Basi madai yangu ni haya, na najua mafundi wenzangu hawatayapenda: nyumba ya mbao ipewe kibali kama nyumba, ikaguliwe kama nyumba, na ikifaulu iitwe ya kudumu mpaka benki. Wenzangu wanaona ofisa kutojali ni neema. Hakuna kuchorewa, hakuna kulipia, unajenga Jumatatu unahamia Ijumaa. Mimi naona ndiyo iliyotufanya tuwe mafundi wa mabanda.

Nitatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Ile nyumba yangu niliijenga kwa mbao mbichi za msindano, upande mmoja nikalaza mbao nene moja juu ya nyingine kwa mtindo wa magogo, kwa kuiga picha. Mbao ikikauka inasinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ukuta uliosimamishwa kwa nguzo haushuki, lakini ukuta wa kulaza unashuka. Wajenzi wa magogo wa Amerika ya Kaskazini huweka hesabu ya inchi robo tatu kwa kila futi kwa magogo mabichi, kama asilimia 6. Kwa ukuta wa mita 2.4 hiyo ni sentimita 14. Wao huacha nafasi juu ya fremu ya mlango na dirisha, wakaifunika kwa ubao ili ukuta ushuke taratibu. Mimi sikuacha hata unene wa kucha. Mwaka wa pili mlango ukagoma kufunguka, mwaka wa tatu kioo cha dirisha kikapasuka usiku kwa mlio uliotuamsha wote. Mkaguzi aliyefundishwa mbao angeliona jambo hilo kwenye ramani kwa dakika moja. Ramani ile ilifungwa.

Mchwa sitauzungumzia sana. Kila anayeishi huku anajua: inua mbao juu ya msingi wa zege, tumia zenye dawa, usiegemeze udongo ukutani. Walio pwani, ambao wamebebesha dari zao juu ya boriti za mikoko kwa karne nyingi, hawahitaji somo kutoka kwangu.

Mpwa wangu alikasirika, kisha akatulia, kisha akaita wakaguzi wa ujenzi wa halmashauri yake. Kibanda kimesogezwa hadi mita moja na robo kutoka uzio. Ukuta wa milimita 44 unaopitisha joto zaidi ya mara saba ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa nyumba mpya umeongezewa ukuta wa ndani wenye sufu ya kuzuia baridi. Imewekwa kengele ya moshi. Gharama imekaribia ile ya kibanda chenyewe, na hilo ameniambia mara tatu.

Kilichonigusa zaidi ni dirisha. Mkaguzi alilipima kwa futi kamba. Chumba cha kulala kama kile kinatakiwa kiwe na dirisha la kutokea: uwazi usiopungua theluthi ya mita ya mraba, sentimita 45 kwa pande zote mbili, na ukingo wa chini usizidi sentimita 110 kutoka sakafuni. Mtu mzima aweze kupita, gizani, akiwa ameshtuka. Nilipolisikia hilo nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu, nikainua macho nikaangalia madirisha yangu. Yote yana nondo, nimezichomelea mwenyewe, mraba kwa mraba, kwa kuogopa wezi.

Jumamosi nilikodi mashine ya kukatia. Dirisha la chumba cha wajukuu sasa nondo zake zimo kwenye fremu yenye bawaba, inafunguka kwa nje, na komeo lake liko ndani, chini, mahali ambapo mtoto wa miaka sita anafika. Halina kufuli.