Marat/Sade: Makelele Yakizidi, Hoja Zinakufa

Waongozaji wengi wakiishika Marat/Sade, tamthilia ya Peter Weiss, huanza na wazimu. Kila mwigizaji anaambiwa akodoe macho, atikise kichwa, atoe udenda. Muda si mrefu watazamaji wamechoka, na mjadala wenyewe, wa Marat na Sade kuhusu mapinduzi, haujasikika.

Tamthilia hii, iliyoonyeshwa kwanza Berlin Magharibi mwaka 1964, ni igizo ndani ya igizo. Ni Julai 13, 1808, kwenye bafu la Charenton, hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Paris. Wagonjwa wanaigiza kifo cha Jean-Paul Marat, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa aliyechomwa kisu na Charlotte Corday Julai 13, 1793. Anayewaongoza ni mwandishi Marquis de Sade, ambaye kweli alifungiwa Charenton na kuandaa michezo humo. Mkurugenzi Coulmier ameketi pembeni na mkewe na bintiye, akikatiza kila maneno yanapoigusa serikali ya Napoleon.

Kwangu mimi, Coulmier ndiye nguzo. Bila mtu wa kuogopwa, ukichaa ni vurugu tu. Mpeni upole wa mwenyeji anayekaribisha wageni. Akifoka tangu mwanzo, hana pa kupanda. Wauguzi nao wagawiwe wagonjwa, kila mmoja na wake, wajue ni neno gani la kuwafanya wamrukie mgonjwa anayemcheza Jacques Roux, padri mwanamapinduzi. Muuguzi akichelewa, karipio la Coulmier linakosa maana.

Mjadala wa Marat na Sade ufanyiwe mazoezi kwanza bila wagonjwa wengine kabisa. Ukieleweka hivyo, ndipo ongeza mgonjwa mmoja mmoja, kila mtu na ugonjwa wake mmoja na tendo lake moja dogo.

Halafu kuna beseni la kuogea, ambamo Marat anakaa kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi. Hatoki humo karibu mchezo mzima, kwa hiyo liinamishwe kuelekea watazamaji, na mwigizaji awekewe kiegemeo cha mgongo, la sivyo kifua kinajikunja na sauti inakwama. Maji yasitiwe: lita 150 ni kilo 150 za kusukuma, na sakafu ikilowa waimbaji watateleza.

Corday anabisha hodi mara tatu. Anayemcheza ana ugonjwa wa usingizi, hivyo lazima aamshwe ndipo aseme. Hodi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kisu kikiwa juu, mchezo unasimamishwa, na waimbaji wanne wanamwimbia Marat miaka 15 ambayo hataiona, hadi Napoleon. Wimbo ukienda polepole, mkono wa Corday unatetemeka na watu wanaanza kucheka. Uimbwe haraka, karibu na pumzi ya mwisho, kisha kimya, kisha kisu.

Fujo ya mwisho ipangwe kwa hesabu za hatua kama ngoma: nani anaanguka wapi, nani anaokota kiti. Mwongozaji Mwingereza Peter Brook, alipoiongoza London mwaka huohuo wa 1964, aliimalizia kwa wagonjwa kuwapigia watazamaji makofi ya polepole. Ni mbinu kali, ila wengi wanaiiga bila kuwa na Coulmier wa kutosha, na makofi hayo yanageuka utani.