Theluthi Mbili ya Rangi Hukadiriwa

Machi 2023 mtu mmoja aliitia ukungu picha ya mwezi makusudi, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta na kuipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamtolea mwezi wenye mashimo safi kabisa. Tangu hapo nasikia kila mara kwamba picha za simu ni feki, tofauti na za kamera za zamani zilizochukua kitu kama kilivyo.

Hazikuwahi. Kihisi cha kamera ya dijitali, yaani kipande kinachopokea mwanga, hakijui rangi, hupima mwanga tu. Bryce Bayer wa Kodak, katika hataza ya mwaka 1976, alikifunika kwa vichujio vidogo: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Piga hesabu. Katika kihisi cha pikseli milioni 12, milioni 6 hupima kijani, milioni 3 nyekundu, milioni 3 bluu. Kila pikseli imepimiwa rangi moja; mbili zilizobaki hukadiriwa kutoka kwa majirani zake. Yaani theluthi mbili ya namba za rangi katika picha yako ya pasipoti, au ya ushahidi mahakamani, hazikupimwa kamwe. Na hakuna anayelalamika, kwa sababu Bayer aliufuata mwili wetu: jicho hupata undani mwingi zaidi kwenye kijani. JPEG nayo, muundo wa kawaida wa kuhifadhi picha, kwa kawaida hutunza mwangaza wote na kubakiza robo tu ya sampuli za rangi. Kuza maandishi mekundu juu ya bluu uone kingo zilivyochujuka. Uso wa mtu kwenye picha hiyohiyo hauna neno.

Wenye shaka wana hoja nzito kuliko ya mwezi. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua mashine za Xerox zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Kwenye ramani ya nyumba, chumba cha mita za mraba 21.11 kilitoka na 14.13. Programu ya kubana faili iliona alama zinafanana, ikabandika moja mahali pa nyingine, bila ukungu wowote wa kumshtua msomaji.

Kosa la Bayer hujionyesha kwenye kingo, hili la Xerox halionekani. Kukadiria kutoka kwa mwanga ulioingia kwenye lenzi ni kazi halali ya kamera. Kuazima undani kwingine kunahitaji kutajwa. Samsung inaruhusu kuzima uboreshaji wa picha za mwezi, lakini picha yenyewe haikuambii mashimo yale yametoka wapi.