Neno "yanatibu" kwenye tangazo la habasoda

Mama mmoja jirani yangu hapa Langoni, Lamu, hukamua mafuta ya habasoda, zile mbegu nyeusi ndogo, na kuyauza mtandaoni. Mzigo huvushwa kwa boti hadi Mokowe, ukapanda basi, ukafika Mombasa au Nairobi. Mwezi uliopita soko moja la mtandaoni liliondoa tangazo lake. Picha haikuwa na kasoro, wala bei. Kilichomponza ni mstari wa pili: "Yanatibu sukari, presha, baridi yabisi na ukurutu." Akalipandisha tena vilevile, likaondolewa tena, na akaunti ikafungwa wiki mbili.

Barazani hukumu ilitoka mapema: wenye masoko haya ni wageni, dawa zetu hawazijui na hawazitaki. Maneno hayo nimeyasikia kwa wauza udi, wauza hina, hata wauza asali. Yana ukweli ndani yake, na si haki kuupita.

Dawa kwa Mswahili ni neno pana. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya nywele. Mashine inayokagua matangazo ikilichukulia kila "dawa" kuwa kidonge cha hospitali, binti anayeuza mafuta ya kulainisha nywele atajikuta kapu moja na muuza vidonge bandia, na akikata rufaa hapati mtu wa kumweleza. Tena kuna gharama. Kuthibitisha kwa utafiti kwamba kitu kinatibu maradhi kunataka fedha ambazo kampuni kubwa inazo na mama wa Langoni hana, kwa hiyo ruhusa ya kusema inabaki kwa mwenye nacho. Na nchi yenyewe haikuutupa ujuzi huu: Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inautambua mchango wa teknolojia za kienyeji, na Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu inayohusu tiba za asili.

Halafu kuna hadithi ya Mtume. Imo katika mkusanyo wa Bukhari kwamba habasoda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, na jirani yangu aliniuliza kwa uchungu: nani wa kunikataza kuisema? Hakuna. Lakini wanachuoni wetu waliichambua kauli hiyo zamani sana. Khattabi, wa karne ya 10, alisema "kila" hapo ni tamko la jumla lililokusudiwa mambo mahsusi, na Ibn Hajar, mfafanuzi wa Bukhari, akalinukuu neno lake. Kama wao walisita kuichukulia kwa ujumla wake, sisi tunapata wapi ujasiri wa kuibandika juu ya chupa ya mililita 100 na kumwachia mgonjwa wa sukari ajipimie vijiko?

Hapa ndipo ninapoachana na baraza. Katazo lenyewe halijaeleweka. Hakuna aliyemkataza mama huyu kuuza habasoda. Chupa zilezile zimejaa kwenye masoko hayohayo. Kilichokataliwa ni kitenzi. Sheria ya Marekani ya 1938, ambayo masoko makubwa yaliyoanzia huko hayawezi kuikwepa, inakipa kitu jina kwa matumizi anayoyakusudia muuzaji. Mafuta yakiuzwa ya kupikia ni chakula. Ukisema yanalainisha ngozi kavu, ni kipodozi. Ukisema yanatibu ukurutu, yamekuwa dawa, na dawa isiyosajiliwa haiuzwi. Hapa kwetu nako, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakihesabu kuwa ni udanganyifu kukipa kitu faida, matumizi au idhini kisivyokuwa navyo. Kwa hiyo hata kuandika "imethibitishwa na KEBS", shirika la viwango la Kenya, bila kibali ni dai la kukufungia duka.

Sababu inayonikaa moyoni zaidi ni hii sukari. Mtu akiingia dukani Langoni kutafuta habasoda, muuzaji anamwona. Anajua mamake ni nani, anajua kama anachoma insulini, anaweza kumwambia usiache vidonge vyako. Neno "yanatibu" linatoka pamoja na maswali na nasaha. Mtandaoni linasafiri peke yake. Linamfikia mtu wa Garissa au Nakuru usiku wa manane, amechoka na foleni za kliniki, na analisoma kama ruhusa ya kuacha dawa. Mwenye sukari ya aina ya kwanza akiacha insulini, hana miezi ya kujaribu. Siku chache zinatosha kumlaza hoi.

Na anayesema "lakini habasoda inafanya kazi kweli" anaongeza hofu yangu. Zipo tafiti ndogo zilizoonyesha kwamba inateremsha sukari kiasi kwa watu wanaoendelea na matibabu. Chukua basi mgonjwa anayemeza glibenclamide, kidonge kinachoteremsha sukari chenyewe, ambaye tangazo limemfanya aongeze vijiko viwili vya mafuta asubuhi na jioni bila kumwambia daktari. Sukari inaweza kushuka kupita kiasi: atetemeke, atoke jasho, achanganyikiwe, azimie. Kitu kikiwa na nguvu ndipo kinapohitaji mtu wa kukisimamia, na tangazo halimsimamii mtu.

Wala tusidhani neno "asili" linatukinga. Mwaka 2022 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizouza asali ya kuongeza nguvu za kiume. Maabara ilikuta ndani yake sildenafil na tadalafil, dawa za hospitali ambazo lebo haikuzitaja. Mgonjwa wa moyo anayetumia nitrati akiilamba asali hiyo, presha yake inaweza kuanguka ghafla. Baada ya habari kama hizo, anayeuza asali safi ya Waboni, warina asali wa misitu ya huku kwetu, isiyo na kosa lolote, naye anatazamwa kwa shaka.

Kwetu mfano wa karibu ni piko. Inaitwa "hina nyeusi ya asili" na kuuzwa kwa maharusi na wageni. Hina haitoi weusi wa namna ile. Ya kweli huanza rangi ya machungwa ikakolea kahawia nyekundu baada ya siku moja au mbili. Weusi wa saa moja mara nyingi ni PPD, rangi ya nywele ambayo Ulaya imeiwekea mpaka wa asilimia 2 kichwani na haikuiruhusu kuchorwa ngozini, kwa sababu huleta malengelenge na makovu. Aliyewahi kudhurika nayo anaweza miaka baadaye kupaka rangi ya nywele akavimba uso mzima.

Jirani yangu ameandika tangazo jipya, na kwa maoni yangu linauza kuliko la kwanza. Limetaja mbegu zimetoka wapi, kwamba zimekamuliwa bila moto, kwamba hakuna mafuta mengine yaliyochanganywa, tarehe ya kukamua, ujazo, na ile harufu kali inayokwaruza koo. Alitaka kuacha maneno ya mteja aliyemwandikia "sukari yangu imepona". Nikamwomba ayatoe, maana ukiyarusha maneno ya mteja kwenye ukurasa wako yanahesabiwa kuwa yako. Alitaka pia kuandika chini "hii si dawa", na hilo nalo haliokoi kitu kama juu umesema inatibu. Kuhusu mashine isiyojua tofauti ya dawa ya nywele na dawa ya malaria, bado nasimama naye: masoko yanayokula kamisheni yetu yaweke wakaguzi wanaosoma Kiswahili.

Jana usiku mteja wa Nakuru alimwandikia kando, akitaka kujua kama mafuta yanatibu sukari. Mama akamuuliza anatumia dawa gani. Akajibu, glibenclamide. Akamwambia aende na picha ya chupa kliniki, aulize kwanza, ndipo aagize. Mpaka naandika haya, mteja hajaagiza.