Milima ya Kondoa: lawama ya ng'ombe na lawama ya mlima

Ukiiacha barabara ya Dodoma kwenda Babati na kuanza kupanda milima ya Irangi, wilayani Kondoa, jembe litakueleza mambo kabla ya macho. Kule chini, kwenye kichanga, linazama lote. Panda kidogo, linaanza kulia juu ya kokoto nyeupe na changarawe. Ukikaribia kilele, linagonga mwamba kabla hujachimba hata shubiri mbili, na mikono inakufa ganzi.

Ardhi hii ndiyo iliyofanya serikali ichukue hatua ambayo hadi leo inabishaniwa. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Miaka ya mwanzo ilikwenda kwa matingatinga, matuta ya kontua, yaani yanayokatiza mteremko, na upandaji miti. Matuta yakachimbwa, mifugo ikayakanyaga, mvua ikayabomoa. Ndipo mwaka 1979 ikatolewa amri: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote watoke katika eneo lililoharibika la kilomita za mraba 1,256. Takriban mifugo 90,000 ikaondoka. Warangi, wenyeji wa milima hii, ambao kwao jembe na zizi ni kitu kimoja, wakabaki na jembe tu.

Je, ilikuwa haki? Nadhani swali hilo halijibiki kabla ya kuuliza mlima wenyewe unaweza kubeba nini.

Tupige hesabu ndogo. Chukua udongo wa mteremkoni wenye kina cha sentimita 30, nusu yake ikiwa mawe. Udongo wenyewe hapo ni sawa na sentimita 15 tu, kwa kuwa kokoto hainywi maji. Udongo wa tifutifu wenye mchanga huweka akiba ambayo mizizi inaweza kuifikia ya kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Hiyo ni milimita 15 za maji. Jua na nyasi kwa pamoja huondoa kama milimita 5 kwa siku. Kwa hiyo mvua ikikatika, nyasi ina siku tatu. Jirani yake aliyeota kwenye udongo mzito wa bondeni bado ana wiki kadhaa.

Sasa mvua inyeshe kwa nguvu, milimita 50 kwa mchana mmoja, jambo lisilo la ajabu Kondoa kati ya Desemba na Aprili. Mlima unabaki na 15. Nyingine zinapenya kwenye nyufa za mwamba, na zilizosalia zinateremka. Makorongo yanayopigwa picha yako chini, kwenye udongo mzito unaokatika kama mkate, lakini maji yaliyoyachimba yametoka juu. Waliosema "funga mlima" walikuwa wameliona hilo, na hapo niko upande wao. Kwato zikipita njia ileile kila siku, njia inageuka mfereji. Ng'ombe huchoka na mwinuko mkali, hivyo nyasi za juu kabisa mara nyingi humponyoka. Mbuzi hana huruma hiyo, anapanda mpaka kwenye jiwe la mwisho. Na udongo uliokwenda haurudi kesho: mwamba ukimeng'enyuka kwa kasi ya kawaida, milimita moja ya udongo inaweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Sentimita moja ni umri wa mzee wa miaka mia.

Ila kuna upande ambao wataalamu wa enzi hizo waliupita haraka mno. Kokoto haiibi tu nafasi ya maji. Jiwe lililolala juu ya ardhi hupokea tone la mvua badala ya udongo, na udongo laini ukishachukuliwa, mawe yanabaki yamejipanga kama ngao, mmomonyoko ukapungua wenyewe. Maji yakishapita chini ya changarawe, jua linapata shida kuyavuta tena. Ndiyo maana katika nchi kame utakuta vichaka na nyasi za kudumu kwenye mlima wa mawe, wakati kwenye udongo mzito mvua ndogo inaishia juujuu na kukauka. Anayekiona kilima chenye mawe na kukiita kilima kilichokufa hajakikagua. Vingine viko hivyo tangu zamani.

Tena zamani sana. Watafiti walipopima umri wa mchanga uliorundikana chini ya miteremko ya Kondoa, baadhi ya tabaka zilikutwa na umri wa zaidi ya miaka 10,000, kabla hata zizi moja halijajengwa pale. Tabaka nyingine ni za karne za karibuni, na hizo mkono wa mkulima na mfugaji hauwezi kukana. Lakini hadithi ya kwamba mlima ulikuwa mzima mpaka Mrangi alipoleta ng'ombe wake haisimami. Ukoloni nao una fungu lake: enzi hizo mbung'o na malale vilibana watu na mifugo yao nyanda za juu.

Matokeo ya amri yale? Milima ilirudi kijani, hilo halina mjadala. Miti iliyokuwa visiki ikachipua, nyasi zikafunika, mito ya mchanga ikatulia kiasi kwamba watu walianza kulima miwa na viazi vitamu mahali palipokuwa pamefunikwa na mchanga mtupu. Upande wa pili, samadi ikakosekana mashambani, maziwa yakawa bidhaa ya kununua, na ng'ombe wakapelekwa kwa ndugu na marafiki tambarare, ambako walikwenda kukanyaga ardhi ya wengine. Tatizo lilihama pamoja na mkia wake. Baadaye ufugaji wa bandani ukaruhusiwa, lakini ng'ombe wa kisasa na banda lake si vya kila kaya.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuweka mpaka mmoja kuzunguka udongo wa aina tatu au nne. Ajabu ni kwamba elimu ya kutofanya hivyo ilizaliwa hapahapa nchini. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Usambara, alieleza kwamba udongo wa kilima kimoja ni kama mnyororo: kila pete ina tabia yake, lakini imeshikana na ya juu na ya chini. Wakulima walilijua kwa majina yao. Wasukuma wana luseni (kichanga cha juu), wana itogolo (udongo mgumu wa chini yake), wana mbuga (udongo mweusi mzito wa bondeni), na hakuna anayelima moja kama nyingine. Ungeufunga mteremko wa mawe kwa kwato zote, hasa za mbuzi, ukauacha ukanda wa chini kwa zamu na idadi iliyokubaliwa na kijiji, mizizi ya juu ingepona na zizi lisingekauka. Najua jibu la waliotoa amri: zamu ilishajaribiwa, haikuheshimiwa. Ni hoja nzito, na sina dawa yake ya haraka.

Hata njia ya kati inayosifiwa leo, ya kufunga mlima kwa kwato na kuufungua kwa mundu, ina bei. Mzigo wa nyasi unaoteremshwa kichwani, mara nyingi cha mama, umebeba rutuba ya udongo ule wa sentimita 15, na samadi yake inaishia shambani bondeni. Hakuna anayeipandisha tena. Ukikata mpaka kwenye shina, umeziacha kokoto wazi kwa mvua ya Desemba. Ukikata baada ya mbegu kudondoka, na kuacha kimo cha kiganja, ng'ombe anapata majani makavu zaidi yenye lishe ndogo, na mwenye ng'ombe anakununia.